Watatu wa Baba Mbuyi

Niwataje kwanza waliokuwapo siku ile mahakamani, maana wengi wao hawana tena mtu wa kuwataja. Nilikuwapo mimi, Pélagie, mwenye miaka kumi na minne, na kitenge cha marehemu mama nilichokikunja mara mbili kiunoni kwa sababu kilinizidi urefu. Alikuwapo mdogo wangu Ngoy, wa miaka kumi, ambaye hakujua kukaa bila kutikisa mguu. Alikuwapo Bea, kitinda mimba wetu, wa miaka sita, pengo mbele na kamasi puani. Alikuwapo Yama Chanda, kaka wa mama, aliyetoka kusini, upande wa Sakania na jogoo mwekundu kwapani. Na Baba Mudogo Ilunga, mdogo wa baba, aliyeshuka na treni kutoka kaskazini na kifurushi cha samaki wakavu. Alikuwapo Baba Mbuyi, mshonaji, jirani yetu, mtu wa Kasai, ndani ya suti nyeusi ambayo tulikuwa tumezoea kuiona Krismasi na Pasaka tu. Nyuma ya meza alikaa juji, hakimu wa cité, mtaa wa watu weusi, na wazee wake wawili wa baraza. Pembeni, Karani Félix na kitabu kikubwa. Mlangoni, polisi wa kofia nyekundu aliyesinzia akiwa amesimama. Jogoo naye namhesabu, kwa sababu alisema mengi kuliko sisi.

Wote hawa walinirudia kwa ghafla hapa mtaani Kampemba, siku niliyokwenda kuandikishwa kwa ajili ya kura. Kijana wa mashine alikishika kidole changu gumba akakikandamiza kwenye wino, na harufu ikapanda: tamu kidogo, chungu kidogo, kama dawa ya kikohozi iliyomwagikia chuma. Nikauvuta mkono, nikageukia mlango.

"Kambo, uko mugonjwa?" mjukuu wangu Anto aliniuliza, akinishika kiwiko; kambo kwetu ni bibi.

"Hapana. Niko na kiu tu."

Halikuwa jambo la kiu. Tangu siku ile ya utoto sijaweza kutulia katika ofisi yoyote. Nikiona meza, kitabu na muhuri, miguu yangu inataka mlango.

Mji wetu huu huu, ulioitwa Elizabetivili wakati ule, ulikuwa umekatwa kama nguo kabla ya kushonwa. Kipande hiki kilikuwa cha Wazungu, na miti yake ya maua na barabara zilizofagiwa; kipande kile kilikuwa cité yetu, nyumba za matofali zilizopangwa mistari; na katikati palibaki uwanja mtupu ambao hakuna aliyeruhusiwa kuujenga. Giza likishaingia, mtu mweusi hakutakiwa kuuvuka bila barua. Sisi watoto tuliuogopa uwanja ule kuliko makaburi. Makaburini angalau ulijua nani amelala wapi.

Serikali tuliiita Bula Matari, mvunja mawe. Baba, aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake, alisema jina hilo lilikuja kabla ya reli yenyewe: kwanza watu walisikia Bula Matari anakuja, kisha wakasikia baruti. Alipenda kutuambia, huku akivua viatu jioni, "Bula Matari anavunja majiwe. Matope yanamushinda. Siye tukuwe matope." Mama alimjibu kwamba matope tayari ameyaleta na viatu, ayatoe nje.

Mwaka wangu wa mwisho shuleni, Masere, mtawa aliyetufundisha, alichora ngazi ubaoni. Kidato cha juu kabisa aliandika Mfalme, kule Ubelgiji. Chini yake waziri wa makoloni, kisha Gavana Mkuu kule Léopoldville, kisha gavana wa jimbo letu la Katanga, kisha komisa wa distriki, kisha administrateri. Halafu, weusi sasa, chefu wa cité na baraza lake. Na kidato cha chini kabisa, kilichogusa ardhi, aliandika: Baba wa nyumba. Alisema serikali nzima imesimama juu ya huyo wa mwisho, na kila mtu yumo ndani ya ngazi. Baba alikuwa amekufa miezi mitatu nyuma, kwa kifua. Niliinua mkono nikauliza mtoto asiye na baba anakaa kidato gani. Masere aliitazama chaki yake muda mrefu. "Kaa chini, Pélagie," alisema. Sikumchukia, nafikiri yeye mwenyewe hakuwa ameandikiwa jibu. Juma lile mama aliugua, nikaacha shule, na swali langu nikaenda nalo nyumbani.

Lazima nieleze jambo la buku. Kila mwanaume aliyeishi mjini alikuwa na buku, kitabu kidogo chenye jina lake, kazi yake, mke wake na watoto wake. Bila buku hukuwa na nyumba, hukuwa na njia. Mtu akifa, buku yake ilirudi ofisini, na waliokuwa wameandikwa ndani yake walibaki hewani. Mama alipomfuata baba, katikati ya mvua, nyumba yetu ilikuwa na watoto watatu na haikuwa na buku. Haikupita muda mrefu, polisi alileta karatasi: tuhame kabla ya mwezi kwisha, turudi kwetu.

Kwetu! Tulizaliwa mtaa wa tatu kutoka sokoni. Nilimuuliza polisi kwetu ni wapi. Alisema, "Miye ninaleta karatasi tu, mama kidogo."

Tangu siku ile hatukulala vizuri. Nilifunga nguo zetu kwenye mafurushi matatu, kisha nikayafungua, kisha nikayafunga tena katika furushi moja, kwa sababu nilianza kuogopa namba tatu. Mama, siku alizokuwa bado na sauti, alinishika mkono kule hospitali akasema juu ya Ngoy na Bea, "Pélagie, kamata bale babili. Musiachane." Hakusema kitu kingine cha maana baada ya hapo, aliomba maji, akauliza kama mvua imenyesha. Kwa hiyo neno hilo ndilo nililobaki nalo, na nililishika kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani.

Katika juma lile la hospitali tulilala kwa Baba Mbuyi. Nyumba yake ilitazamana na yetu, na cherehani yake ilikaa barazani, ikilia tangu asubuhi hadi jioni. Asubuhi moja, jua halijatoka, walipita watu wa hesabu, wale wa Bula Matari waliokuwa wakihesabu cité nyumba kwa nyumba. Walitukuta mkekani, sisi watatu na watoto sita wa Baba Mbuyi, vichwa tisa kwenye mstari kama mikate ya kukaanga. Baba Mbuyi alikuwa ametoka kupeleka nguo za mteja. Mtu wa hesabu alimuuliza mke wa Baba Mbuyi, tuliyemwita Mama Anto kwa mwanawe wa kwanza, "Nani anakulisha hawa bote?"

"Ni siye," alijibu Mama Anto, kwa namna ya cité, maana kwetu aliyekula chungu kimoja na wewe hukumtenga kwa maneno.

Mtu yule akaandika: watoto tisa wa Mbuyi. Mama Anto alipojua, alimkimbilia hadi pembe ya barabara. Akajibiwa kwamba kitabu kimeshafungwa, na kitabu hakifunguliwi kwa mwanamke mwenye sufuria mkononi.

Jambo lile lilimsumbua sana Baba Mbuyi, na sikuelewa kwa nini. Nilijua tu kwamba miezi ile alikuwa na shughuli kubwa. Alikuwa ameomba karte, ile waliyopewa Waafrika wachache walioitwa evolwe, watu wanaohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwenye karte alivuka ule uwanja mtupu usiku bila kuulizwa. Hakupigwa fimbo. Katika ofisi aliambiwa "Monsieur" na akapewa kiti. Lakini kabla ya kuipata, Wazungu walikuja nyumbani kwako kutazama. Walitazama vitanda, vijiko, choo, hata kama mke anakaa mezani na mumewe.

Kwa hiyo Baba Mbuyi alinunua fursheti, yaani uma. Kila Jumapili tulikaa kwa zamu mezani kujifunza kula bukari, ugali wetu, kwa uma, na sijaona kazi ngumu kuliko ile. Bukari ulikataa. Ulishika meno ya uma ukaning'inia, ukaanguka kwenye sombe ya majani ya muhogo, sombe ikaruka kwenye kitambaa cheupe. Ngoy alijichoma shavu. Mama Anto, aliyelazimishwa kukaa mezani badala ya kukaa mekoni na wenzake, alisema, "Mbuyi, kama ustaarabu ni njaa, siye tulikuwa nao tangu kwetu." Baba Mbuyi alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema, kwa utulivu, "Miye ninataka siku moja tu, nisimame mbele ya muzungu, aniambie nikae."

Yama Chanda na Baba Mudogo walifika siku mbili kabla ya tribinali, mahakama ya cité. Wasidhaniwe vibaya, kila mmoja alikuja kwa upendo na kwa sheria ya kwao. Kwa watu wa upande wa mama, mtoto ni wa tumbo, na mwenye mtoto ni mjomba. Kwa watu wa upande wa baba, mtoto ni wa aliyetoa mali, na mwenye mtoto ni ukoo wa baba. Wazazi wetu walikutana mjini, wakaoana kanisani, na nafikiri hawakupata muda wa kuulizana sisi tutakuwa wa nani.

"Mwanaume ni mupita-njia tu," Yama Chanda alisema uani kwetu, jogoo akiwa amefungwa mguu kwenye kinu. "Anapita, anaacha mbegu, anaenda. Shamba njo yenye kubaki."

"Mupita-njia!" Baba Mudogo Ilunga alisimama. "Shemeji, ile bunduki unapigia kanga kule kwenu, ilitoka wapi? Si mupita-njia njo aliitoa mahari juu ya dada yako?"

"Bunduki yenyewe haipigi sawasawa."

"Tatizo ni macho yako."

Walibishana hivyo siku nzima, na jioni wakala pamoja samaki wa mmoja kwa unga wa mwingine. Kesho yake wakapatana. Kupatana kwao kulinitisha kuliko ugomvi. Yama Chanda angewachukua wasichana, mimi na Bea. Baba Mudogo angemchukua Ngoy. Kusini na kaskazini. Kilichobaki ni tribinali ya cité kuwapa karatasi ya njia, yenye muhuri.

Asubuhi ya tribinali tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Bea aliomba kwenda haja mara nne. Mguu wa Ngoy uligonga benchi tok, tok, tok, na kila nilipoushika, mwingine ulianza. Mimi mwenyewe nilihesabu madirisha, kisha matofali ya chini ya dirisha, kisha nikaona nahesabu hatua za kufika mlangoni nikiwa nimewashika wote wawili. Kumi na moja. Baada ya mlango sikujua hatua ya kumi na mbili ingekuwa kwenda wapi.

Baba Mbuyi alikuja akakaa mwisho wa benchi, na karatasi iliyokunjwa mkononi. Nilifikiri amekuja kutusindikiza. Nilimsalimu, akaitikia bila kunitazama.

Tuliitwa. Karani Félix alichovya kalamu. "Majina?" Nikayasema. "Kabila?"

Kwa jibu hilo juji alikuwa akichagua ni mzee yupi wa kumsikiliza, maana kila mtu alihukumiwa kwa desturi ya kwao. Kabla sijachagua la baba au la mama, Ngoy akajibu kwa sauti kubwa, "Siye ni ba-cité."

Chumba kizima kilicheka, hata polisi aliamka. Juji alifuta macho. "Mutoto, cité haina kabila."

"Eshi siye tuko nani?" Ngoy aliuliza. Hakuwa anafanya mzaha.

Mzee wa kushoto alieleza desturi ya kina baba, na ilikuwa wazi kama mchana. Mzee wa kulia alieleza desturi ya kina mama, nayo ilikuwa wazi kama mchana. Jogoo akawika. "Naye anaomba neno," alisema juji. Kisha akaniuliza kama nina la kusema, mimi niliye mkubwa.

Nilisema, "Mama alisema tusiachane."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Ndiyo maana jibu lake liliniumiza zaidi. "Mwanangu, neno la marehemu haina karatasi. Balezi benu banapatana. Weye na mudogo wako mwanamuke mutaenda na mujomba. Huyu kijana ataenda na baba yake mudogo. Karani, andika."

Bea hakuelewa maneno, lakini alielewa mkono wangu. Akaanza kulia, kilio kile cha chini kisicho na mwisho, kama birika linalokaribia kuchemka.

Karani Félix alifungua kitabu kikubwa ili atutoe ndani ya mji. Alipitisha kidole. Akarudi juu, akapitisha tena. "Bwana Juji," alisema, "hawa haiko batoto ba marehemu. Kitabu inasema ni batoto ba Mbuyi, mushonaji. Tisa. Banahesabiwa na muzungu yeye mwenyewe ameweka muhuri."

"Ni bongo, uongo mutupu!" walisema Yama Chanda na Baba Mudogo kwa pamoja, kwa mara ya kwanza wakiwa na sheria moja.

Juji aliwageukia. "Bongo ya nani? Kitabu ni ya administrateri. Nani kati yenu atavuka kule ofisini kumwambia muzungu kitabu yake inadanganya? Weye, Chanda?" Yama Chanda alimtazama jogoo. "Weye, Ilunga?" Baba Mudogo alikumbuka kufunga upya kifurushi chake cha samaki. Juji hakuwacheka. Nafikiri hata yeye hangekwenda.

"Mbuyi," aliita. "Simama. Hawa batoto ni bako?"

Baba Mbuyi alisimama. Suti ilikuwa imembana mabegani. Alijipepea kidogo kwa ile karatasi yake. "Bwana Juji, kitabu inasema nini?"

"Unasikia. Inasema ni bako."

"Sasa miye ni nani, mushona-suruali, niseme Bula Matari ni mwongo?"

Watu wakacheka tena, na mimi nikamkumbuka baba na matope yake. Lakini juji hakucheka. Aliinama mbele. "Sikuuliza kitabu. Ninauliza weye. Mbele ya Mungu na ya hii baraza. Na ujue kile unachosema kitabaki kimeandikwa."

Mguu wa Ngoy ulikoma. Baba Mbuyi aliitazama karatasi mkononi mwake, akamtazama Karani, akatutazama sisi mmoja mmoja, kama fundi anayepima kitambaa kisichotosha. Bea bado alikuwa analia. Baba Mbuyi akasogea, akainama, akampa ile karatasi. "Shika, mama. Uichezee." Bea aliipokea akaanza kuipasua, vipande vidogo vidogo, na kilio kikapungua kwa kila kipande.

"Beko bangu," alisema Baba Mbuyi. "Bote batatu."

Polisi alimkaripia Bea kwa kuchafua sakafu. Karani aliniita mezani kwa sababu nilikuwa mkubwa, akakichovya kidole changu gumba katika wino wa muhuri, akakikandamiza pembeni ya jina langu, chini ya jina la Mbuyi. Ile harufu. Nilidhani ndiyo harufu ya serikali, na kwa muda niliipenda.

Nje, Yama Chanda alimkabidhi jogoo Mama Anto, aliyekuwa akitungoja, na Baba Mudogo akaacha samaki. Kisha Baba Mudogo alimwambia Baba Mbuyi, "Unatuiba mchana, mu-Kasai."

"Njo vile. Kuyeni kila mwaka muhesabu kama bamepungua."

Walikuja kweli, kila kiangazi, mpaka walipozeeka.

Sasa nitakiri ujinga wangu. Niliamini kwamba kitabu ndicho kilichotuokoa. Niliamini Bula Matari anajua yote, na kama anakosea, anakosea kwa wema. Na Baba Mbuyi nilimwona kama mtu aliyesoma tu kilichoandikwa. Miezi iliyofuata alibadilika. Fursheti zilitoweka mezani, kitambaa cheupe kikakatwa kuwa nepi, na yeye akawa mkali wa maneno. Cherehani ilikimbia kama inayofukuzwa. Nilidhani anatujutia. Kwa hasira ya kijinga nilikataa kula kwake hadi nilipouza mikate ya siku hiyo sokoni, ili asiseme tunakula bure. Hakuwahi kusema. Alisema tu, "Pélagie, unatembea sana. Kaa." Sikukaa. Niliuza mikate hadi Ngoy alipomaliza shule na kuingia reli kama baba, na hadi Bea alipopata kazi ya kuwatunza wagonjwa. Hatukuachana.

Ni katika matanga ya Baba Mbuyi mwenyewe, miaka mingi baada ya uhuru, ndipo Mama Anto aliponieleza. Tulikuwa tumekaa mkekani, tunachambua maharage ya waombolezaji.

"Unakumbuka karatasi ile Bea alipasua?"

"Ninakumbuka."

"Ilikuwa barua. Aliiandika siku tatu, kwa Kifaransa. Muzungu wa karte alikuja, akaona nyumba, akasema yote iko sawa, shida ni batoto: tisa kwa vyumba viwili, haina maisha ya evolwe. Akamwambia, kama ni makosa ya hesabu, aende kwa juji afute bale batatu, karte itakuja juma lile. Siku ile alienda kuwafutisha."

Niliendelea kuchambua maharage. Vidole vilitoa mabovu na mazima pamoja.

"Na hakuomba tena?"

"Mara ngapi muntu anaweza kuomba kukaa kwenye kiti?" alisema Mama Anto.

Hivyo ndivyo nilivyopata jibu la swali nililomuuliza Masere. Mtoto asiye na baba hana kidato. Anakaa pale ambapo mtu mmoja atakubali kushuka ili ampishe.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mkiwa mmenisikiliza mpaka sasa, ni haki mjue na mengine.

Nchi ilipokuwa inaitwa Zaire, na serikali imeanza kuchakaa, yalitokea hapa mjini maneno kwamba Wakasai warudi kwao. Kwao! Watu waliozaliwa mtaa mmoja nasi. Tshala, binti wa mwisho wa Baba Mbuyi, aliishi nyuma ya ua wangu hapa Kampemba, mjane, na watoto watatu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na daftari, kama watu wa hesabu wa zamani, ila hawa walikuwa na fimbo. Asubuhi walipofika kwangu, yule mtoto mdogo wa Tshala, wa miaka mitano, alikuwa jikoni kwangu anakula bukari kwa mkono.

"Mama, huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wangu," nilisema. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Kijana akaandika.

"Na bale babili ba kule nyuma, na mama yao?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Nililisikia kabisa, na sauti ya aliyelisema kabla yangu. Lakini niliiona fimbo, nikawakumbuka wanangu wa kuzaa waliokuwa wamelala ndani, na miguu yangu, hii miguu isiyotulia, kwa mara moja katika maisha yangu ilikaa tuli.

"Sijui," nilisema.

Tshala na wale wawili walikaa stesheni majuma mengi, wakisubiri treni, pamoja na wengine wasiohesabika. Alinitumia neno nimtunze mdogo, njia ilikuwa mbaya. Treni iliondoka. Tulipata barua moja kutoka njiani, halafu hapana.

Mdogo yule alikua mkononi mwangu. Ndiye baba yake Anto, aliyerithi jina la mtoto wa kwanza wa Baba Mbuyi, huyu aliyenishika kiwiko siku ya kuandikishwa. Yule mdogo ana kaka na dada mahali fulani Kasai, watu wazima sasa kama wapo, na kila treni inapopiga honi upande wa stesheni, natoka nje nikasimame langoni, bila kujua ninamtazamia nani.

Baba Mbuyi alisema watatu. Mimi nilisema mmoja. Bado wawili.